Salamu ya Cherop

Mama yangu mzazi alikuwa Mmasai wa Mau Narok, na kwao mtoto hampi mkubwa mkono. Anakuja mbele yako, anainamisha kichwa, anangoja. Wewe unamwekea kiganja utosini, unamjulia hali, ndipo anainua uso na kwenda zake kucheza. Mimi niliolewa na Mkalenjin wa upande wa Rongai, nikazaa, nikafiwa na mume, nikahamia mtaa wa Kaptembwo, mjini Nakuru, kutafuta vibarua, na katika kuhama huko mambo mengi ya mama yaliniponyoka. Hilo la kichwa halikuniponyoka. Ndilo nililomfundisha mjukuu wangu Cherop.

Cherop alizaliwa bila kulia. Ilichukua muda mpaka sauti ikatoka, na baadaye tukaambiwa kwamba ubongo ulikosa hewa. Miguu yake imepishana kama mkasi uliofungwa, mikono inakwenda inakotaka yenyewe, na shingo ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga hata alipoanza kung'oka meno ya utotoni. Hasemi. Ana "eeeh" ndefu ya furaha na "eh" fupi ya njaa, basi. Mama yake, Winrose, binti yangu wa mwisho, aliolewa huko Bahati na mwanamume aliyesema wazi kwamba mke anamtaka lakini mtoto wa namna hiyo hapana. Winrose alilia mlangoni kwangu mpaka sauti ikakauka, kisha akaenda. Simlaumu. Mtoto akabaki na mimi.

Kila jioni, Cherop akishamaliza uji, nilikuwa nakaa kwenye kigoda, namweka katikati ya magoti yangu ameegemea mtungi wa maji niliouzungushia blanketi. Mkono wa kushoto nyuma ya shingo, wa kulia kwenye paji la uso. Namshusha polepole. "Salimia, mama." Naondoa mkono kwenye paji, namwekea kiganja utosini, pale nywele zake zinapozunguka kama maji yanayoingia shimoni. "Mzima wewe? Umeshindaje?" Kisha namwinua. Tulifanya hivyo wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, nikiwa na nguvu na nikiwa nimechoka mpaka macho yanajifunga.

Jioni moja nilikuwa nimeinamia jiko nasonga ugali. Adongo, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye huuza omena, dagaa wa ziwani, pale kona, alikuwa amekuja kuomba chumvi.

"Kogo," akasema. Ploti nzima, majirani wote wa nyumba hizi za kupanga, huniita hivyo, ndiyo nyanya kwa lugha ya marehemu mume wangu. "Kogo, geuka uone. Huyu mtoto ameinamisha kichwa."

"Kimeanguka tu."

"Kimeanguka wapi na anakuangalia na jicho la upande? Wewe ndiye umemnyima salamu. Tangu uingie hujamsalimia."

Nikaenda na mikono yangu yenye unga, nikamwekea kiganja. "Mzima wewe?" Na kile kichwa kikainuka chenyewe. Kilitetemeka kama miguu ya ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo, lakini kiliinuka, kikasimama, na Cherop akatoa "eeeh" ambayo hata wale wa ng'ambo ya choo waliisikia. Adongo alimwaga chumvi yote.

"Sasa huyu ataanza kudai heshima kwa ploti nzima," akasema huku akijifuta macho na ncha ya leso. "Mimi nikipita na karai langu nitasimamishwa. Wewe Mjaluo, njoo hapa, hujaniuliza hali!"

Kuanzia hapo, kila nilipofungua mlango jioni nilikuta kichwa kimeshainama, kinaningoja.

Nasema nilipofungua mlango kwa sababu mlango huo ulikuwa unafungwa na kufuli. Kibarua changu kilikuwa cha kuchambua maharagwe kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja karibu na soko. Unakaa juu ya gunia, unatoa mawe, unatoa yaliyooza, unatoa yaliyotobolewa na wadudu, mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Cherop alipokuwa mdogo nilikwenda naye mgongoni. Alipokua, nyonga zangu zilikataa. Halafu vumbi la maharagwe lilimfanya kifua kipige filimbi, na mwenye stoo akaniambia kwa upole nisimlete tena. Basi nikawa namwegemeza kwenye godoro, namzungushia mito ili asianguke kifudifudi, namwachia redio ikisema chini chini, nafunga. Mchana nakimbia nyumbani kumlisha na kumbadilisha, narudi. Adongo naye, akiwa pale kona, alikuwa anakuja mara kwa mara kuweka sikio kwenye mabati.

Siku moja jiko la jirani mmoja wa mstari wa nyuma lilianguka kwenye godoro. Moto wenyewe haukufika mbali, lakini moshi uliingia nyumba zote. Adongo aliiacha omena yake kwa paka, akakimbia na nyundo, akavunja kufuli langu. Alimtoa Cherop akiwa amegeuza macho, anakohoa bila nguvu ya kukohoa. Nilipofika nilimkuta kwenye mapaja ya Adongo karibu na mfereji wa bomba, uso una masizi mpaka ndani ya pua.

Kesho yake akaja Naliaka. Yeye ni afisa wa jamii wa serikali katika kata yetu, mtoto wa Kiluhya, mwenye raba zilizolika upande mmoja kwa kutembea. Mtu akiwa na mgonjwa asiyejiweza, mzee aliyetupwa, mtoto anayepigwa, anayetumwa ni Naliaka. Alikaa kitandani, akamshika Cherop mguu, ndipo akaniangalia.

"Kogo, nitasema kama mtoto wako. Kumfungia mtoto ndani hivi, sheria inaita kumtelekeza."

"Nimemtelekeza mimi?"

"Najua hujamtelekeza. Nasema vile sheria inaita. Nikiandika nilichoona, afisa wa watoto atamchukua ampeleke makao ya watoto. Na nisipoandika, halafu moto urudi..."

"Si nilikusikia kwa baraza ya chifu ukisema serikali haitaki watoto kwenye makao siku hizi? Ulisema wakae na watu wao."

"Nilisema."

"Watu wake ni mimi."

"Ni wewe, Kogo. Lakini lazima uwe hapa ndani na yeye."

"Nikiwa hapa ndani tutakula nini?"

Ndipo akanieleza. Kuna pesa za serikali za walemavu wasiojiweza kabisa, wale wanaohitaji mtu wa kuwaangalia mchana kutwa. Zinatumwa kwa yule mwangalizi. Nafasi zilikuwa zimefunguliwa katika kata yetu, ila lazima madaktari wamwangalie mtoto waseme ulemavu wake ni wa kiwango gani. Akipita, mimi naacha maharagwe, nakaa naye, na Naliaka hana la kuandika. Asipopita, hana jinsi, ataandika.

"Nimekuombea siku yenu," akasema. "Na Kogo, siku hiyo mpeleke vile alivyo. Madaktari hawana wakati mrefu na kila mtu. Usimsaidie aonekane mzuri."

Adongo alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza bila kuficha kwamba anasikiliza. "Asimwogeshe, hata! Ampeleke na makamasi yake. Na wewe Kogo vaa lile rinda lililotoboka kwa kwapa. Serikali haiwezi kuhurumia mtu anayenukia sabuni."

"Siwezi kumpeleka mtoto mbele ya watu akiwa mchafu."

"Ni siku moja tu!"

"Hata hiyo moja."

Nilimwogesha. Nikampaka mafuta mpaka kwenye vifundo, nikamvika sweta ya manjano niliyoifuma mwenyewe, nikamfunga kitambaa safi shingoni cha kupokea mate. Naliaka alitutafutia tuktuk. Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu, na pale nikaona kwamba si mimi peke yangu katika Nakuru hii. Kulikuwa na mzee aliyebebwa na wanawe kwenye blanketi. Kulikuwa na mwanamke kijana wa Kiislamu, Umaima, aliyemshikilia kaka yake mkubwa asiondoke mbio, na kila baada ya kitambo anamwimbia kitu sikioni naye anatulia. Tulipeana pole kwa macho.

Tulipoitwa, ndani kulikuwa na madaktari wawili vijana na mmoja mzee, nywele nyeupe pe. Naliaka alisimama ukutani. Maneno yake nilikuwa nimeyakariri njia nzima: vile alivyo, usimsaidie. Lakini yule mzee, tulipoingia, alisimama kutupokea. Mtu mzima kama yule amesimama mbele ya mtoto, na mtoto hajamsalimia. Sikufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Cherop, salimia mzee."

Kichwa kikashuka. Daktari mmoja kijana alidhani mtoto anaanguka, akanyoosha mkono amdake.

"Mwache," mzee akasema. "Hebu mwache kwanza." Akazunguka meza, akaja mpaka mbele yetu, akatazama ile shingo nyembamba iliyoinama na kungoja. "Huyu ananisalimia. Nimefanya kazi Narok miaka mingi mimi, hii naijua." Akamwekea kiganja. "Mzima, mjukuu?"

Cherop akainua kichwa, akakishikilia, akamtazama machoni, akasema "eeeh!"

Nikapiga vigelegele. Ndani ya chumba cha madaktari! Na wanawake wa kwenye benchi kule nje, bila kujua ni furaha ya nini, wakaitikia.

Basi ikawa kama mtu amewasha taa. Mzee akamwuliza nyanya yako ni nani hapa, macho ya Cherop yakaja kwangu. Mlango uko wapi, macho yakaenda mlangoni. Akamwekea kikombe cha plastiki, na ule mkono unaokwenda unakotaka ukazunguka, ukapotea, ukarudi, ukakigusa. Mambo ambayo nyumbani hakuwahi kunifanyia, alimfanyia mzee yule. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja.

"Mama," mzee akaniambia, na alisema kwa moyo wote, "hii kazi umeifanya kwa mikono mitupu, na umeifanya. Huyu mtoto anaelewa kila kitu. Anaweza kufika mbali."

Nikamshukuru kwa mikono yote miwili. Nilipogeuka kumtafuta Naliaka ili tufurahi pamoja, nilimkuta anaangalia sakafu.

Majibu aliyaleta Naliaka mwenyewe. Hakutaka chai.

"Kadi ya ulemavu amepata. Lakini wameandika ulemavu wake ni wa wastani. Zile pesa ni za wale wasiojiweza kabisa."

"Hawezi kukaa," nikamwambia. "Hawezi kula bila mkono wangu. Hawezi kujigeuza kitandani. Sasa wastani hapo ni upi?"

"Wameandika anaelewa, anawasiliana na watu, shingo yake inashika."

"Yule daktari alisema atafika mbali."

"Alisema, Kogo."

"Atafika huko na nini?"

Kisha akaniambia kwamba tunaweza kukata rufaa, mtoto aangaliwe tena na madaktari wengine, na kwamba amemsihi afisa wa watoto angoje mpaka siku hiyo. Baada ya hapo hataweza kumsihi tena. Akainuka kwenda. Mlangoni akasimama, amenipa mgongo.

"Sasa Kogo, siku hiyo ya rufaa..."

"Asisalimie."

"Mimi sijasema hivyo."

"Hujasema," nikakubali.

Nilimwona akisimama mferejini, anajimwagia maji usoni, anajifuta na mkono wa koti, anajimwagia tena. Siku hiyo hakukuwa na joto.

Nilijaribu kwanza kumweleza Cherop. Nikamwambia, tukienda kule tena, wewe tulia, usiiname. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akainamisha kichwa. Mtoto aliye na neno moja tu duniani utamwambiaje alifiche? Nikaona kuna njia moja, asahau. Nilijiambia ni kwa muda. Akishapita, nitamrudishia. Nilichomfundisha mara ya kwanza nitamfundisha mara ya pili, mimi si mtu wa haraka.

Jioni hiyo nilifungua mlango, nikakuta kichwa kimeinama. Nikampita. Nikaweka mfuko chini, nikawasha jiko, nikaosha sukuma wiki jani moja moja, mbele na nyuma. Kichwa bado kiko chini, kwa kuwa hakuna aliyempa ruhusa ya kukiinua. Mate yalikuwa yanadondoka kwenye sweta mahali pamoja, pakawa na duara jeusi. "Eh," akasema, ile fupi, na hakuwa na njaa. Nikaenda nikamshika kidevu, nikamwinua kama unavyoinua kitu kilichoanguka, nikamwegemeza kwenye mito. Utosi sikuugusa.

Adongo aliingia jioni nyingine akamkuta hivyo hivyo, ameinama. Akanyoosha mkono amwekee. Nikamdaka kifundo cha mkono.

"Wacha."

"Kogo, mtoto anangoja."

"Wacha, Adongo."

"Umekuwaje wewe? Ni salamu tu, haiishi kama sabuni!"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kwa sauti ya chini, kana kwamba Cherop asingesikia katika chumba kimoja. "Na akichukuliwa makao," Adongo akaniuliza, "hutaruhusiwa kumwona?" Nikamwambia nitaruhusiwa kumwona, lakini nani atajua kwamba lazima umlaze ubavu wa kulia, kwamba uji ukiwa na donge moja anapaliwa, kwamba akilia bila machozi ni mguu umekufa ganzi? Adongo akatoka. Kwa siku nyingi alipita na karai lake bila kunitania.

Cherop hakuacha upesi. Alijaribu kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani mtoto anaweza. Aliinama, akaniangalia kwa jicho la upande, labda anafikiri sijamwona, basi akainama zaidi, mpaka paji la uso likafika magotini na nikalazimika kumwinua asikose hewa. Baadaye akawa anatoa sauti kwanza, kuniita, ndipo anainama. Halafu ikawa jioni moja ndiyo, jioni nyingine hapana. Halafu nikafungua mlango nikakuta uso umeelekea ukutani, na nilipoita jina lake haukugeuka. Nikakaa kitandani na mfuko wangu mapajani. Nikasema asante Mungu. Nikasikia nilivyosema, nikaufunika uso na leso.

Siku ya rufaa nilimwogesha tena, hilo sikuweza kuliacha. Madaktari walikuwa wengine, wanawake watupu, na wa kuongoza alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alimwita Cherop kwa jina, kwa sauti tatu tofauti. Akapiga makofi karibu na sikio. Akaweka kikombe, akakisogeza, akakiondoa. Akamwinua kichwa kwa vidole viwili, alipokiachia kikaanguka kifuani, kikabaki hapo. Cherop alikuwa anatazama dirishani, na dirishani hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa jengo la pili.

"Mama," yule daktari akaniuliza, "wewe anakujua?"

Nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Njia nzima nilijiandaa. Nikamtazama mjukuu wangu, nikangoja angalau jicho moja lije upande wangu.

"Sijui," nikasema.

Sikuhitaji kudanganya. Akanishika bega, akaandika.

Nje, Naliaka alikuja kutwambia kwamba amepita. Umaima hakuwepo siku hiyo wala watu wa kuitikia, na mimi sikupiga vigelegele. Naliaka alimbeba Cherop mpaka kwenye tuktuk, na njiani alikuwa anamwekaweka kichwa begani kwake kila kilipoteleza.

Sasa siendi kwenye maharagwe. Ujumbe huingia kwenye simu, Adongo ananisomea kwa sauti maana macho yangu hayaoni herufi ndogo, halafu naenda kuchukua. Nimenunua godoro nene. Nimenunua unga wa wimbi na wa mtama, nachanganya mwenyewe. Kufuli nililonunua baada ya lile kuvunjwa nilimpa mwenye kununua vyuma vikuukuu. Mlango uko wazi kutoka asubuhi, na mimi niko hapo hapo nilipotaka kuwa, karibu na Cherop mchana kutwa, hakuna wa kuja kumchukua.

Nimeanza kumfundisha tena. Namfundishia nyuma ya pazia. Mkono nyuma ya shingo, mkono kwenye paji. Ninapomshusha anashuka, kama ndoo inavyoshuka kisimani kwa kuwa kamba imelegezwa. Namwekea kiganja. "Mzima wewe? Umeshindaje?" Nangoja. Nangoja vizuri, bila haraka, na mkono ukianza kuuma nabadilisha mkono. Halafu namwinua mwenyewe.

Naliaka alipita juzi, maana ni kazi yake kutazama kama pesa zinamfikia mtoto. Alitazama godoro, akatazama sufuria, akatazama mgongo wa Cherop kama una vidonda. Hauna hata kimoja.

"Kuna mabadiliko yoyote, Kogo?"

"Hakuna. Andika hakuna."

Akaandika. Alikuwa ameliona pazia, na kigoda nyuma yake, na mtungi uliozungushiwa blanketi.

"Mwaka ujao wanakagua wote upya," akasema polepole. "Akionekana anaelewa..."

"Najua."

"Na bado unamfundisha."

"Akiweza nitakuambia."

"Usiniambie," akasema Naliaka. Alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. "Tafadhali Kogo, akiweza, usiniambie."

Leo nilimtoa nje, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki nilichomfunga na shuka asiteleze. Adongo akapita na karai kichwani. Siku hizi ananisalimu tena. Akatua mzigo, akachuchumaa mbele ya Cherop, karibu kabisa, magoti yamegusana.

"Cherop! Sasa? Cherop mrembo. Angalia mimi kidogo."

Akangoja. Na mimi, mlangoni, nikangoja naye. Macho ya Cherop yalipita kwenye ukingo wa karai, yakapita kwenye uso wa Adongo bila kusimama, yakaenda zake.

"Amechoka," nikasema. "Ni hili jua."

Adongo akatazama juu. Ni Julai. Mawingu yalikuwa yamelalia mlima Menengai tangu asubuhi, na sote watatu tulikuwa na sweta.

"Ni kweli," akasema. "Jua la leo limezidi."

Akamfunga Cherop kitufe cha sweta kilichokuwa kimefunguka, akabeba karai lake, akaenda kuuza omena.